Fimbo ya Gidahanda

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, ukungu umeulalia uwanda wote wa Hanang, na mlima wenyewe umebaki kipande cha juu tu, kinaelea kama kisiwa. Nimekaa juu ya trekta, injini inanguruma chini yangu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na mbele yangu sioni kitu isipokuwa taa moja ya njano inayonijia polepole kutoka upande wa pili wa shamba. Mambo mengi yamenitoka kichwani, mwanangu, lakini taa ile haijanitoka. Mara nyingine nikisinzia mchana hapa nyumbani kwangu Nambis, naiona inakuja, na mikono yangu inashika usukani ambao haupo.

Juzi mjukuu wangu anayesoma kidato cha pili alinipigia simu. "Shikamoo babu. Nisaidie Kiingereza." Mwalimu wao amewapa maneno manne waeleze tofauti yake: "enemy", "opponent", "competitor" na "rival". Ametafuta kwenye kamusi ya simu, nayo inamrudishia mshindani, mpinzani, hasimu, halafu mshindani tena, kama mtu anayejibu huku amelala.

Nikamwambia, "Maneno hayo yalinigharimu rafiki, kwa hiyo usikate simu."

"Babu, fanya haraka, salio litaisha."

Basi yeye nilimweleza kwa kifupi. Ninyi wengine nawaeleza kwa kirefu, maana hapa hakuna salio la kuisha.

Maneno hayo nilifundishwa nikiwa na umri kama wake. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Kilimanjaro, mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi. Dawati moja nilikaa na Gidahanda. Mimi ni mtoto wa wakulima wa huku juu, yeye mtoto wa wafugaji wa Gendabi, na nafasi ya kwanza darasani ilikuwa baina yetu kama ndoo mbili za kisima kimoja: mmoja akipanda, mwenzake anashuka. Siku ile mwalimu alituambia kila mmoja atunge sentensi. Nikasimama kifua mbele, nikasoma kwa Kiingereza kwamba Gidahanda ni adui yangu.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Bura, huyu amekuibia ng'ombe?"

"Hapana, mwalimu."

"Amekuchomea nyumba?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa adui kwa lipi?"

"Amenishinda mtihani wa juzi."

Darasa likaangua kicheko. Gidahanda akanyoosha mkono taratibu. "Mwalimu, mwambie asinichomee nyumba. Mtihani ujao nitamwachia."

Hata mwalimu alicheka. Kisha akatueleza, na maelezo yake ninayo mpaka leo. "Enemy", alisema, ni mtu anayetamani usiwepo. Ukitoweka, yeye analala usingizi mzuri. "Opponent" ni yule aliyesimama upande wa pili leo, kwenye mpira au mdahalo au uchaguzi. Filimbi ya mwisho ikilia mnapeana mikono, na kesho huenda mkapangwa timu moja. "Competitor" anatafuta kile kile unachokitafuta wewe, na huenda hata sura yake huijui, kama watu walioomba kazi moja wakiwa miji mbalimbali.

Alipofika "rival" aliangalia nje dirishani. Akasema neno hilo ni la zamani sana, limetoka kwa Warumi, nao waliwaita hivyo watu wanaochota maji kwenye kijito kimoja. Wanagombana kila siku kwa sababu kila siku wanakutana. Huyu anajua mwenzake anaamka saa ngapi, anajua ndoo yake inavuja wapi. "Huwezi kuwa rival wa mtu usiyemjua," akasema. "Na kijito kikikauka, mtakufa kiu wote wawili."

Halafu akatutuma mimi na Gidahanda mtoni na ndoo moja. Tuliibeba imening'inia kwenye fimbo, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima tulibishana nani anayumba. Tulipofika shuleni ndoo ilikuwa nusu, na miguu yetu imelowa. Mwalimu alitazama ndoo, kisha akatutazama sisi.

Nililielewa somo lile kwa kichwa, mwanangu. Kichwa ni mwanafunzi mwepesi. Moyo ndio unaorudia darasa.

Baada ya kidato cha nne tulikutana tena, safari hii kwenye shamba la ngano la serikali, wote tukiwa madereva wa matrekta. Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kuiona picha ya ngano ile. Ilianza miguuni pako ikaenda mpaka pale mbingu inapoinama, na upepo ukipita ilijikunja na kujikunjua kama ng'ombe mkubwa anayepumua usingizini. Mtu ukisimama katikati unasahau jina lako. Kabla haujawa ngano, uwanda huo ulikuwa malisho ya babu zake Gidahanda. Yeye hakulizungumza jambo hilo kazini, nami sikumuuliza. Kila mtu alihitaji kazi.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Tluway wa Gitting, mtu wa utani mwingi na sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili. Wakati wa kupanda alikuwa na utaratibu wake. Vipande vya shamba vilikuwa virefu mno, huoni mwisho. Basi alimweka dereva mmoja upande wa mlima na mwingine upande wa ziwa, waanze pamoja, wapishane katikati. Na kila dereva alitakiwa kuchomeka fimbo mahali anapoanzia, yenye kitambaa, ili yule anayekuja apate pa kulenga macho. Kila mkimaliza mistari yenu mnaisogeza. Fimbo ya Gidahanda ilikuwa na kipande cha shuka jekundu. Yangu ilikuwa na kipande cha gunia, maana sikuona sababu ya kumpambia mtu mwingine njia.

Msimu baada ya msimu Mzee Tluway alinipanga na Gidahanda. Mimi nilidhani anatutenganisha tusigombane.

Sasa sikia ubaya wa ngano. Mstari ulioupanda hauonekani siku hiyo. Udongo unafunika kila kitu. Lakini zikipita siku chache za mvua, ngano inachipua, na mkono wako unatoka ardhini hadharani, kijani, kila mtu anausoma. Siku hiyo madereva wote tulipanda kile kilima kidogo cha mawe, tukatazama chini. Mwenye mstari ulionyooka kuliko yote ndiye aliyetangulia msafara wa kombaini wakati wa mavuno, mashine zote zikimfuata nyuma kwa mshazari kama korongo wanaoruka. Hakukuwa na heshima kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka mmoja alitangulia Gidahanda, mwaka mwingine nikatangulia mimi, na utani haukuisha. "Bura," ananiambia, "mstari wako mzuri, ila pale katikati ulikumbuka kitu gani?" Nami namjibu, "Nilikuona wewe unavyokuja, nikacheka."

Hayo yalikuwa maji ya kijito kimoja, nami sikuyatambua.

Ukafika mwaka nilioutaka ule ushindi kuliko chakula. Nilikuwa ninaposa, na baba wa msichana alikuwa amesema atakuja kuona mavuno. Nilipanda vizuri mwaka ule. Nilijua moyoni kwamba ni vizuri. Siku ya kwenda kilimani ilipokaribia, usiku ng'ombe wakapita shambani, na asubuhi tukakuta sehemu ya kati ya mistari yangu imekanyagwa, tope tupu, ngano changa imezama chini ya kwato.

Meneja alikuja na gari. Madereva tukasimama duara. Akauliza ng'ombe hao ni wa nani.

Hapa ndipo nilipo mimi, mwanangu, kila ninapoota ndoto mbaya. Nilijua kilichotokea. Mahali pale palipita njia ya zamani ya ng'ombe kwenda ziwani. Mimi mwenyewe niliikata kwa jembe la trekta mwaka wa kwanza, udongo wake mgumu kama sakafu, umekanyagwa tangu enzi za mababu. Ng'ombe wenye kiu waliifuata njia wanayoijua, na mstari wangu ulikuwa umelala juu yake. Nilijua. Lakini kinywa changu kilifunguka na kusema, "Muulizeni Gidahanda. Huyu ni adui yangu tangu shuleni. Ng'ombe ni wa kwao, na amewaelekeza kwangu kwa makusudi."

Watu wakamgeukia. Gidahanda alinitazama kwa muda, hana hasira, kama mtu anayejaribu kumtambua mtu wa mbali.

"Bura," akasema, "ng'ombe hawajui mstari ni wa nani."

Hilo tu. Meneja akamuuliza kama ng'ombe ni wa kwao. Akajibu huenda ni wa ndugu zake, hawezi kukana ng'ombe asiowaona. Jibu la kweli lilimponza, na uongo wangu ukanibeba. Jioni alikabidhi ufunguo wa trekta. Nilimwona akitembea peke yake mpaka mwisho wa shamba, akaing'oa fimbo yake yenye kitambaa chekundu, akaiweka begani, akaondoka kuelekea Gendabi. Ukungu wa jioni ulimmeza kuanzia miguuni. Kitambaa ndicho kilichobaki kuonekana, kisha nacho kikazima.

Mistari yangu ilihukumiwa kwa sehemu isiyokanyagwa, na mwaka ule nilitangulia msafara wa kombaini. Baba wa msichana alikuja, akaona, akaridhika. Mimi nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara kwenye vumbi lile la dhahabu, kutafuta mtu wa kunitania, na nyuma yangu zilikuwa mashine tu.

Msimu uliofuata Mzee Tluway aliniwekea mbele kijana mwingine, mtu mwema sana, asiyetaka kushindana na kiumbe chochote. Alianza alipojisikia, akapumzika alipojisikia, na fimbo alisahau. Nilipanda asubuhi za ukungu bila taa ya kunijia. Niliamini nanyoosha, macho ni yangu, mikono ni ile ile, trekta ni lile lile. Tulipopanda kilimani baada ya mvua, nilitazama kipande changu nikafikiri ni cha mtu mwingine. Mstari ulikuwa umepinda huku na huku kama mkojo wa ng'ombe anayetembea.

Wenzangu hawakunihurumia. "Bura, mwaka huu umepanda ngano au umechora mto?" "Mwacheni, alikuwa anamkwepa sungura." Nilicheka nao, lakini macho yangu yalibaki kwenye ule mstari.

Waliposhuka, Mzee Tluway alibaki nami juu ya mawe. Aliangalia vivuli vya mawingu vikiupita uwanda. Kisha akaniuliza, "Unajua kwa nini nilikuwa nawapanga wewe na yule kijana wa Gendabi?"

"Ili tusigombane, mzee. Fahali wawili hawakai zizi moja."

Akanigeukia. "Fahali? Nani amekudanganya kwamba wewe ni fahali? Ninyi mlikuwa maksai, Bura. Na maksai wawili hufungwa nira moja, kila mmoja akivuta asipitwe na mwenzake, ndipo shamba linalimika. Fahali analima wapi?"

Nikaokota jiwe dogo, nikaligeuza mkononi.

"Nilikuwekea mtu mbele yako," akaendelea, sauti yake kubwa imeshuka mpaka karibu inong'one, "ili uwe na mahali pa kwenda moja kwa moja. Wewe ukafikiri amesimama kukuzuia. Ukamng'oa. Sasa tazama unakwenda wapi." Akanyoosha kidole kwenye ule mto wangu wa kijani. "Ukimwita mtu adui, mtoto wangu, lazima umwondoe. Ndiyo kazi ya neno hilo. Uwe unaangalia kabla hujalitumia."

Hapo nikakumbuka chaki iliyowekwa chini, na dirisha, na ndoo nusu. Majuto ni mjukuu, na mimi nilikuwa sijapata hata mtoto.

Nilikwenda kwa meneja nikasema ukweli wote, habari ya njia ya ng'ombe na habari ya ulimi wangu. Alinisikiliza, akasema nafasi ile imeshajazwa, na kwamba nishukuru sijapoteza yangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumapili yake nikashika njia ya Gendabi kwa miguu, sina kitu mkononi, maana sikujua mtu anabeba nini kwenda mahali kama pale.

Mama yake alikuwa nje ya boma, akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni Bura, mama."

Aliacha kibuyu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kisha akasema, "Kumbe una miguu," akarudi kwenye kazi yake. Sikuelewa. Akaongeza bila kuinua macho, "Yuko kule chini, analima."

Nikashuka. Gidahanda alikuwa na plau na maksai wawili, amenipa mgongo, anakwenda. Nilisimama pembeni nikautazama mstari wake. Mwanangu, nimeona mistari mingi maishani, ya trekta, ya wataalamu wa Kizungu, ya kamba na vigingi. Sijaona ulionyooka kama ule. Ulitoka miguuni pake ukaenda moja kwa moja, hauna wasiwasi, mpaka kwenye mgunga mmoja mdogo uliosimama peke yake mwisho wa shamba, na kwenye tawi lake kimefungwa kipande cha gunia.

Aliwageuza maksai, akaniona. Hakuonekana kushangaa.

"Umekuja kwa miguu," akasema.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilisema uongo, nawe ulijua."

"Nilijua." Akafuta jasho. "Na wewe ulijua. Ndiyo maana sikupiga kelele. Ungekuwa mjinga ningekueleza."

Hilo lilinichoma kuliko tusi. Nikatazama chini, halafu nikatazama ule mgunga ili nisimtazame yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuufyeka kama miti mingine.

"Nilihitaji kitu cha kulenga," akasema. "Nimezoea kuja upande wa mtu. Nikauacha huo, nikaupa jina."

"Jina gani?"

"Bura." Kisha akacheka, kicheko kile kile cha dawatini. "Mama kila siku anasikia nikiwaambia maksai, twendeni kwa Bura, twendeni kwa Bura. Tofauti ni kwamba huu haupigi kelele nikiushinda."

Mimi nilikaa chini pale pale kwenye udongo uliolimwa, nikalia. Nilipokuwa namwita adui mbele za watu, yeye alikuwa ameondoka na jina langu, akalisimamisha mwisho wa shamba lake, akalifanya njia yake ya kunyooka.

Tulikunywa maziwa kutoka kibuyu kimoja siku ile. Alinisamehe, lakini shambani kwetu hakurudi, na sikupata tena kuiona taa yake ikinijia kwenye ukungu. Miaka ikaenda. Mzee Tluway alipumzika, shamba lile kubwa nalo likaisha nguvu, matrekta yakashika kutu. Kila baada ya mavuno nilikwenda Gendabi tukabishana mstari wa nani ulikuwa bora, mpaka mwaka nilipokwenda kumzika. Mgunga ule sasa ni mti mzima, watoto wake wanaulenga bado wakilima. Nikipita njia ile huvua kofia, na sijui kama namvulia yeye au navulia jina langu kwa namna alivyolitunza.

Sasa sikiliza ninalokuachia, mwanangu. Dunia itakuwekea watu mbele. Yupo atakayesimama upande wa pili kwa siku moja tu. Cheza naye kwa haki, mpe mkono, nenda nyumbani. Yupo anayetafuta unachokitafuta na humjui; mwache atafute, riziki ina milango mingi. Yupo adui wa kweli pia, sikudanganyi, anayetaka usiwepo. Huyo jihadhari naye, na umwombee Mungu ambadilishe. Lakini yule unayekutana naye kijitoni kila asubuhi, anayekukera kwa sababu anakujua, anayekufanya uamke mapema usije ukamkuta ameshachota, huyo usimpe jina lisilo lake. Ukimkosea, nenda kwa miguu yako. Usiku ukijikuta unataka kujua amefikia wapi, ujue huyo ndiye anayekunyoosha.

Mungu akupe mvua ya kutosha na udongo laini. Akupe maksai wanaovuta sawa. Ukungu ukishuka njiani kwako, akuwashie taa ndogo inayokuja upande wako, na akupe macho ya kuijua ni ya nani. Na siku ngano yako itakapochipua mbele za watu, mstari wako uende moja kwa moja hadi kwa mtu uliyempenda.